Kupitisha nyaya za taa ndani ya fremu ya alumini ya dirisha: mwongozo kamili

Fundi umeme akiitazama fremu ya alumini huona bomba lililokwisha tengenezwa: ni tupu ndani, imenyooka, inafika kila pembe ya dirisha, na waya ukishaingia humo hauonekani tena. Fundi alumini aliyeikata fremu hiyo anaijua kwa sura nyingine. Kwake uwazi ule ni njia ya maji. Mvua ya masika inayosukumwa na upepo wa baharini hupenya kwenye raba za kioo hata dirisha likiwa limefungwa vizuri, hukusanyika kwenye kizingiti cha chini, kisha hutoka nje kupitia matundu madogo ambayo watu wengi hawajawahi kuyaona, mpaka siku yanapoziba na maji kuingia sebuleni. Karibu makosa yote ya kazi hii hutokana na mtu kupanga njia ya waya kabla ya kuijua njia ya maji.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata dirisha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni dirisha la sebule Dar es Salaam, la kioo kisichofunguka, lenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1, ambalo mwenye nyumba anataka lionekane usiku kutoka barabarani likiwa limezungukwa na mwanga mtulivu kwenye ubavu wa ukuta, juu na pande mbili. Kizingiti cha chini hakitawekwa taa, na sababu yake nimekwisha itaja: huko ndiko maji yanakokaa. Dirisha la kuteleza nalisema hapa mara moja na kulipita. Taa zifungwe kwenye fremu kubwa iliyoshikwa na ukuta, kamwe zisifungwe kwenye mabawa yanayosogea, kwa kuwa waya unaokunjwa kila siku hukatika ndani ya gamba lake bila kuonyesha dalili nje.

Umeme wa volti 230 ubaki ukutani

Uamuzi wa kwanza ndio mkubwa kuliko yote, na hauna mjadala kwangu: ndani ya fremu upite mkondo mnyoofu (DC) wa volti 24 tu. Umeme wa volti 230 unaotoka kwenye sakiti breka uishie kwenye draiva, yaani kifaa kinachougeuza kuwa volti 24, iliyofungwa mahali pakavu, penye hewa na panapofikika kwa mkono, kama vile juu ya dari ya jipsamu yenye mlango wa ukaguzi, au ndani ya sanduku la pazia. Draiva ni kifaa kinachokufa mapema kuliko mkanda wa taa za LED, hivyo ikifungiwa mahali ambapo hapafikiki bila kuvunja plasta, ujue umeacha deni kwa fundi atakayekuja baada yako.

Draiva inayofaa ni ile iliyoandikwa SELV kwenye bamba lake, maana yake ni kwamba upande wa volti ndogo umetenganishwa kikamilifu na upande wa umeme mkubwa. Kwenye mifumo ya namna hii kikomo ni volti 50 za mkondo geu (AC) au volti 120 za mkondo mnyoofu, kwa hiyo volti 24 ziko chini sana ya kikomo, na mtoto akiegemea fremu iliyolowa siku ambayo waya umechubuka hatadhurika. Upande wa volti 230 ulindwe na RCD ya miliampea 30 (swichi inayokata umeme unapovuja), na ufanywe na mtu mwenye leseni: Tanzania Bara leseni ya mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati za nchi hizo. Mwenye nyumba anayependa kufanya kazi za mikono anaweza kushiriki katika yote yanayofuata, lakini si katika sehemu hiyo.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Urefu wa mkanda kwenye dirisha letu ni mita 2.1 kwa mwimo mmoja, mita 2.4 kwa juu, na mita 2.1 kwa mwimo wa pili, jumla mita 6.6. Kwa mwanga wa kupaka ukuta, mkanda wa wati 9.6 kwa mita unatosha kabisa. Wenye nguvu zaidi hugeuza nyumba kuwa duka la simu. Mita 6.6 kwa wati 9.6 ni wati 63.4. Draiva haipaswi kufanyishwa kazi kwa nguvu zake zote muda wote, kwa hiyo tunagawa kwa 0.8 na kupata wati 79, na saizi ya dukani inayofuata ni wati 100.

Mkondo utakuwa ampea 2.64. Sasa tuseme draiva iko mita 8 kutoka dirishani. Waya wa shaba wa nyuzi laini wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 13.3 kwa kilomita, nao mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo volti zitakazopotea njiani ni 0.56, yaani asilimia 2.3. Hiyo inakubalika, kwa kuwa mimi huweka mpaka wangu kwenye asilimia 3. Ukichukua waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba utapoteza volti 1.1, na mwanga wa dirisha la mbali hautalingana na wa dirisha lililo karibu na draiva. Wale wanaonunua mkanda wa volti 12 kwa sababu ni rahisi kupatikana wajue kwamba kwa wati zilezile mkondo huongezeka mara mbili, na kwa waya uleule wa milimita 1.5 upotevu unafikia karibu asilimia 9.4.

Jambo la mwisho la hesabu ni pale umeme utakapoingilia mkanda. Baadhi ya mikanda ya volti 24 haipendi kulishwa upande mmoja kwa zaidi ya mita 5, na wetu una mita 6.6. Tukiulisha katikati ya kipande cha juu, kila upande unabaki na mita 1.2 za juu na mita 2.1 za mwimo, yaani mita 3.3, na mwanga wa kulia unalingana na wa kushoto bila hila yoyote. Kwa hiyo waya wetu lazima utokee katikati ya kipande cha juu cha fremu. Hesabu ndiyo iliyotuchagulia mahali pa tundu, si macho.

Kuisoma fremu

Kaa na fundi alumini, ikiwezekana kwenye karakana yake kabla fremu haijafungwa, na uombe kipande kilichobaki cha urefu wa kiganja. Kitazame kwa mbele, pale kilipokatwa. Utaona vyumba viwili au vitatu vilivyotenganishwa na kuta nyembamba. Chumba kilicho upande wa kioo, chini ya raba, ni cha maji. Chumba kilicho upande wa ndani ya nyumba mara nyingi ni kikavu, na hicho ndicho chetu. Kwenye fremu chache za gharama kubwa kuna ukanda wa plastiki ngumu unaotenganisha alumini ya nje na ya ndani ili kuzuia joto. Ukiuona, usiutoboe hovyo, kwa kuwa ndio unaoshikilia nusu hizo mbili pamoja.

Kisha uliza mambo matatu. La kwanza, kona zimeungwaje? Fremu iliyokatwa kwa nyuzi 45 huwa na kipande cha chuma au alumini kilichosukumwa ndani ya pembe, nacho huziba njia kabisa, kwa hiyo usipange waya upite kutoka kipande cha juu hadi kwenye mwimo kwa ndani. La pili, skrubu za kushika fremu ukutani zitapita wapi? Hizo hupita katikati ya uwazi, nazo hazina macho. La tatu, matundu ya kutolea maji yako wapi na ni mangapi? Yahesabu, yapige picha, na baada ya kazi yahesabu tena.

Kwenye dirisha letu kona zimezibwa, kwa hiyo njia ni hii: waya unashuka kutoka kwenye draiva ndani ya bomba la PVC lililozikwa ukutani, unaingia kwenye uso wa ndani wa kipande cha juu karibu na ncha yake ya kulia, pale panapofichwa na sanduku la pazia, unasafiri ndani ya chumba kikavu kama mita moja hadi katikati, kisha unatoka nje kwenye uso wa mbele. Matundu yote mawili yako kwenye nyuso zilizosimama wima. Tundu linalotazama juu ni mtego wa maji, na silikoni yoyote utakayoweka hapo itachoka siku moja kwa jua na mtikisiko.

Kutoboa

Fremu ikiwa bado iko karakanani, toboa huko. Ikiwa imekwisha fungwa na kioo kimo ndani, pima kipande cha mfano kwa rula ili ujue milimita kamili kutoka usoni hadi kwenye ukuta wa chumba kinachofuata, halafu zungushia utepe wa gundi wa karatasi kwenye biti mahali pa kikomo hicho. Kioo kilichoimarishwa kwa moto huvumilia kugongwa katikati, lakini ncha ya biti ikigusa ukingo wake, kioo chote hugeuka punje za sukari mbele ya macho yako.

Anza na biti ya milimita 3, kisha panua taratibu kwa biti ya ngazi. Waya wetu wa nyuzi mbili wenye gamba la duara una unene wa kama milimita 8, kwa hiyo tundu la ndani litakuwa la milimita 12 lenye pete ya raba, na la nje litakuwa la milimita 16 kwa ajili ya glandi, yaani kibanio kinachoushika waya na kuzuia maji. Tundu la nje liwe chini kidogo kuliko la ndani, hata milimita 5 tu, ili tone la maji likijaribu kufuata waya lipande mlima badala ya kuteremka.

Kingo za tundu la alumini ni wembe. Zipitishie tupa ya duara, upande wa nje na, kadiri inavyofika, upande wa ndani, kisha pitisha kidole kwa uangalifu. Kidole kikikwaruzika, gamba la waya nalo litakwaruzika. Baada ya hapo toa chembe zilizoanguka ndani. Sumaku haisaidii hapa, maana alumini haivutwi nayo. Tumia kifyonza vumbi chenye mrija mwembamba, au puliza kwa pampu ya baiskeli kuelekea tundu la pili. Sehemu iliyochubuka rangi ipakwe rangi ya kurekebishia kabla ya kuweka pete, hasa kwa nyumba zilizo karibu na bahari.

Kupitisha waya

Usiulaze waya mtupu juu ya alumini. Tanguliza mrija laini wa plastiki, kisha waya upite ndani ya mrija huo. Siku waya ukiharibika utavutwa na mwingine kuingizwa bila kugusa fremu. Ingiza kwanza waya mgumu wa kuvutia kutoka tundu la katikati kuelekea la pembeni, ifunge ncha ya waya wa umeme kwenye waya huo kwa utepe wa gundi, fundo likiwa jembamba, na vuteni mkiwa watu wawili, mmoja akisukuma na mwingine akivuta kwa mkono mmoja tu. Mkono mmoja ukishindwa, kuna skrubu au chembe iliyokwamisha, na kuongeza nguvu ni kuchubua gamba.

Chagua waya unaovumilia joto la nyuzi 90. PVC ya kawaida ina kikomo cha nyuzi 70, na fremu yenye rangi nyeusi inayotazama magharibi katika jua la Februari haimwachii fundi nafasi kubwa chini ya kikomo hicho. Joto hilo pia huirefusha alumini: kipande cha mita 2.4 kikipanda nyuzi 40 huongezeka kwa kama milimita 2.2, na usiku hurudi. Kwa hiyo acha ulegevu kidogo ndani, na nje ya glandi acha kitanzi kidogo kinachoning'inia chini ya kiwango cha tundu kabla waya haujapanda tena kwenye mkanda. Maji yatadondoka kwenye tumbo la kitanzi na hayatafika kwenye tundu.

Mkanda na pembe zake

Mkanda wa nje uwe wa IP67 (usioingiza vumbi wala maji, hata ukizama kwa muda mfupi), na ulazwe ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe cha maziwa, uliofungwa kwenye ubavu wa fremu ukitazama ukuta. Hivyo jicho la mpita njia linaona ukuta uliooga mwanga, haliioni taa yenyewe, na aliyekaa ndani hasumbuliwi na mstari wa taa unaoakisiwa kwenye kioo. Kwa rangi ya mwanga, kelvini 2700 hadi 3000 hupendeza kwenye plasta ya rangi ya krimu, na wadudu huzifuata kwa uchache kuliko taa nyeupe yenye ubluu.

Mkanda haukunjwi kwenye pembe. Ukate pale penye alama ya mkasi tu, kisha unganisha vipande kwa nyaya fupi laini za sentimita 3 zilizolehemiwa, ukiangalia alama za chanya na hasi kila mara. Ukishaukata mkanda wa IP67, ujue umeifuta IP67 yake mahali hapo. Kila ncha ivalishwe kofia yake na ijazwe silikoni, na kila kiungo kivalishwe mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani.

Silikoni yenyewe ichaguliwe kwa pua. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba ya viungo. Chukua ile isiyo na harufu ya siki, na uipe saa 24 kabla ya kuimwagia maji. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa nyumba za ufukweni tumia zile za daraja la A4, kwa kuwa skrubu za kawaida zikikutana na alumini na chumvi huanza kulana mapema.

Suala la waya wa ardhi

Hapa mafundi wazuri hugombana. Mfumo wa SELV haufungwi kwenye ardhi: si chanya, si hasi, wala fremu haihitaji kufungwa kwa sababu ya mkanda wa volti 24. Anayefunga hasi ya draiva kwenye fremu "kwa usalama" anaubomoa utenganisho ule uliomfanya alipe zaidi dukani. Hali hubadilika ikiwa fremu hiyohiyo inabeba kitu cha volti 230 chenye mwili wa chuma, kama mota ya pazia la nje. Hapo fremu lazima ifungwe kwenye waya wa ardhi, na ufahamu kwamba rangi ya unga na alumini iliyoanodaiziwa havipitishi umeme: kwangua hadi chuma kitupu, tumia kichwa cha waya kilichopakwa bati badala ya shaba tupu, weka washa yenye meno, kisha funika kiungo chote kwa grisi au rangi.

Kupima, kavu na mbichi

Kabla ya kuunganisha draiva au mkanda kwenye nyaya, pima uhami (uwezo wa gamba la waya kuzuia umeme usivuje) kwa volti 250 kati ya nyaya mbili, kisha kati ya nyaya hizo zilizofungwa pamoja na fremu. Kiwango cha chini ni megaomu 0.5, lakini waya mpya ukisoma chini ya mamia ya megaomu, mimi huutoa na kuuangalia.

Kipimo hiki nilijifunza kukiheshimu kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipitisha waya kwenye fremu moja ya nyumba ya ufukweni, taa zikawaka vizuri, nikalipwa nikaondoka. Siku iliyofuata fundi alumini alirudi kuongeza skrubu mbili kwa sababu fremu ilikuwa ikitikisika, na moja ikapita kwenye gamba la waya wa chanya. Taa ziliendelea kuwaka, kwa kuwa kwenye mfumo uliotenganishwa kosa la kwanza halilii. Baada ya miezi michache mwenye nyumba alinipigia kuniuliza ule unga mweupe unaomwagika kutoka kwenye tundu la maji ni nini. Gamba la waya wa hasi nalo lilikuwa limepata ufa kwenye kiungo nilichokiziba vibaya, maji ya chumvi yakaunganisha viwili hivyo, na mkondo mnyoofu ukawa unaila alumini usiku baada ya usiku. Tulibadilisha kipande kizima cha fremu. Tangu siku hiyo skrubu zote hufungwa kwanza, waya baadaye, na kipimo hurudiwa baada ya fundi wa mwisho kuondoka.

Kipimo kikiridhisha, unganisha mkanda na draiva kwenye nyaya, washa, na uache taa zifanye kazi saa nzima. Pima volti kwenye mwanzo wa mkanda taa zikiwa zinawaka. Zikiwa chini ya 23.3, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba kuliko ulioupanga. Gusa draiva: vuguvugu ni sawa, lakini ikiwa huwezi kuishika kwa sekunde kadhaa, haina hewa ya kutosha.

Mwisho ni maji. Zima umeme, tenga draiva, chukua bomba la bustani na uinyeshee fremu kwa dakika 15, ukianzia chini na kupanda taratibu hadi kwenye glandi. Mtu mwingine asimame ndani na tochi akiangalia tundu la ndani na pete yake. Maji lazima yaonekane yakitoka kwenye matundu yote uliyoyahesabu mwanzoni. Likikauka moja, kuna mrija au silikoni iliyoliziba. Fremu ikiwa bado inachuruzika, rudia kipimo cha uhami kati ya nyaya na fremu, nyaya zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja ili volti za kipimo zisipite ndani ya mkanda. Namba hii ya pili ndiyo ninayoiandika, pamoja na mchoro wa mkono unaoonyesha waya ulipoingia, ulipopita na ulipotokea, kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa ukaguzi wa draiva, ili atakayekuja kufunga wavu wa mbu ajue mahali asipopaswa kutoboa.